Subira ya Mmea wa Mwambani

Mvua ya Masasi haina upendeleo. Inaponyesha hulilowesha shamba la mwenye haki na la asiye haki, kama Bwana wetu alivyofundisha, na huilowesha pia miamba mikubwa iliyosimama kuuzunguka mji wetu. Kwa mwaka twapata karibu milimita 900 za mvua, mwaka mmoja pungufu, mwaka mwingine zaidi. Wataalamu huita jangwa nchi ipatayo chini ya milimita 250. Kwa kipimo hicho, sisi wa Masasi na ndugu zetu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hatukai jangwani.

Lakini panda juu ya mwamba mwezi wa Septemba uone. Jua la adhuhuri hulipasha jiwe joto liwezalo kupita nyuzi 50. Hakuna udongo ila ule uliokusanyika katika nyufa, kina cha vidole viwili au vitatu: vumbi, mchanga na majani makavu. Mvua ile ile iliyootesha mahindi bondeni ilifika na hapa, ikateleza juu ya jiwe, na baada ya muda mfupi ikawa imekwenda zake. Juu ya mwamba pana jangwa katikati ya nchi ya mvua. Mbingu hazikulifanya. Limetokana na jiwe lisiloweza kushika kile lilichopewa.

Jambo hili latuletea swali ambalo Mkristo wa nchi hii hawezi kulikwepa. Ikiwa Mungu amenyesha, ukame watoka wapi? Na mtu aliye katika ukame, uwe wa maji au wa maisha, tuna haki gani ya kumwambia avumilie? Tumependa kulitafakari swali hili kwa kuutazama mmea mdogo uishio katika nyufa za miamba hiyo, kwa maana mara nyingi mahubiri ya uvumilivu hutumia mfano wa mmea wa jangwani, na ni vema tuujue kwanza mfano wenyewe.

Ni mmea mnene, wenye miiba, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna majani ya kuonekana. Wengi wetu tukiuona tunauita dungusi au kakati. Kwa kweli si dungusi. Asili ya dungusi ni bara la Amerika, kama ilivyo asili ya korosho na muhogo. Afrika ina aina moja tu ya dungusi inayohesabiwa kuwa ya kwetu, iitwayo Rhipsalis, nayo haikai jangwani: huning'inia juu ya miti katika misitu yenye unyevu, kama ile ya Usambara. Mimea minene ya miambani kwetu ni ya jamii ya Euphorbia, na ukoo wake ni mmoja na muhogo, mbono na mnyaa. Ukiukata hutoa utomvu mweupe wenye sumu, na mtu akiugusa asijifute macho. Kati yake na dungusi wa Mexico hakuna undugu wa karibu. Wamefanana kwa sababu kila mmoja, huko kwake, alipatwa na shida ile ile, akapata njia ile ile ya kuishi.

Sisi wa Masasi tunalielewa jambo hilo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika hapa kutoka Lindi akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Safari yao ilikuwa ya kuelekea Ziwa Nyasa, lakini walikaa chini ya milima hii. Hawakuwa wa kabila moja wala wa lugha moja. Shida moja iliwafananisha, na imani moja ikawafanya kuwa ndugu.

Sasa mmea huu huishije? Kwanza, hupokea upesi. Mizizi yake imetanda karibu na uso wa udongo, na mvua ya kwanza inapodondoka huchipua vizizi vyembamba vya kunywa maji kabla hayajateleza. Pili, huweka akiba. Shina lake hutanuka linapojaa maji na kusinyaa linapoyatumia, bila kupasuka. Tatu, hujinyima. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani yake mchana ili ipate hewa, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji. Huu hufunga vitundu vyake wakati wa jua na kuvifungua usiku, kukiwa na ubaridi. Hewa unayoipata usiku huiweka ndani hadi asubuhi, mwanga utakapokuja, ndipo uitengenezee chakula. Kwa sababu hiyo hukua polepole sana, lakini hukua.

Jirani yake huota mmea wa namna nyingine, wa jamii ya Xerophyta, wenye majani membamba kama nyasi. Huo hauweki akiba ya maji. Kiangazi hukauka kabisa, ukawa wa kijivu, wa kuvunjika mkononi, hata mtu aweza kuapa kwamba umekufa. Mvua ikija, ndani ya siku chache huwa kijani tena. Mhubiri aweza kuutaja siku ya Pasaka, mradi akumbuke kwamba haukuwa umekufa. Uhai ulikuwa umefichwa ndani yake, ukingoja maji.

Tupande sasa hadi Newala. Huko hatukuti mwamba mtupu. Twakuta mchanga wenye kina kirefu, mikorosho na vichaka. Hata hivyo ukame wa huko ni ndugu wa ukame wa mwambani. Jiwe la Masasi huyaacha maji yateleze, na mchanga wa Newala huyaacha yazame. Hushuka chini sana, yakatokea tena kama chemchemi chini ya kingo za uwanda, kama zile za Ndanda. Anayesimama Newala kwenye genge liitwalo Shimo la Mungu, akitazama bonde la Ruvuma, hutazama kule ambako maji yamekwenda. Kwa vizazi vingi kina mama na mabinti waliteremka miteremko hiyo alfajiri, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mvua iliyoanguka mlangoni pao ndiyo waliyoifuata bondeni.

Kwa nini basi wazee walikaa juu? Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alisimuliwa habari ya mtu wa kwanza wa Wamakonde, aliyechonga mti kwa mfano wa mwanamke, na mfano ule ukawa mke wake. Mtoto aliyezaliwa kando ya mto hakuishi. Aliyezaliwa juu, penye vichaka, ndiye aliyeishi. Ndipo likatoka agizo kwamba watu wakae juu, mbali na mabonde yaletayo maradhi. Tena vichaka vya uwanda vilikuwa kinga wakati wa uvamizi na biashara ya watumwa. Mwaka 1882 Wagwangwara walipoivamia Masasi, misheni ilihamishiwa Newala kwa muda.

Ndivyo ilivyo hata kwa mmea wetu. Juu ya jiwe moto wa porini haupati nyasi za kuufikia, miti mirefu haiufuniki, wala jembe haliugusi. Ukame umekuwa ukuta wake. Kwa hiyo tusiwe wepesi kusema kwamba mahali pakavu ni mahali palipolaaniwa. Kuna mahali pakavu palipookoa watu.

Lakini hapa msomaji wa Biblia atatusimamisha, na ana haki. Nabii Yeremia, katika sura ya 17, anamlinganisha mtu aliyemwacha Mungu na kichaka cha nyikani, na mtu amtumainiye Mungu anamlinganisha na mti uliopandwa kando ya maji. Je, nabii hajasema wazi kwamba ukavu ni laana? Na sisi tuliozaliwa penye shida ya maji tujihesabu upande gani?

Tusome tena, polepole. Kosa la kile kichaka halikuwekwa katika kukaa nyikani. Nabii anasema kwamba mema yatakapokuja, chenyewe hakitayaona. Hiyo ndiyo laana: mvua inanyesha na wewe hujui kwamba imenyesha. Tutazame pia upande wa pili. Mti wa kando ya maji haukuahidiwa kwamba hautaona kiangazi. Nabii anataja wazi joto litakalokuja na mwaka wa uchache wa mvua. Ukame huwajia wote wawili. Tofauti yao ni kwamba mmoja mizizi yake imefika penye maji, na mwingine hana habari hata maji yakimpitia. Kwa kipimo hicho, mmea wa mwambani wasimama karibu zaidi na mti wa baraka kuliko kichaka cha laana. Unakaa pakavu, lakini mema yakija unayaona, tena unayaona kabla ya wengine.

Basi jibu la swali letu la kwanza laanza kuonekana. Ukame si kila mara ishara kwamba Mungu amenyima. Mara nyingi amekwisha kutoa, na kilichopungua ni namna ya kushika. Nabii huyo huyo, katika sura ya 2, anawalaumu watu waliojichimbia mabirika yenye nyufa, yasiyoweza kukaa maji. Anazungumza juu ya imani, lakini mtu wa Newala hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya birika linalovuja.

Hata hivyo tuwe waangalifu, kwa sababu jibu hili laweza kugeuka kuwa fimbo mikononi mwa wasio na huruma. Mtu aweza kusema: Mungu amempa kila mtu, na maskini ni maskini kwa sababu hakushika. Huo ni uongo. Mchanga wa Newala haukuchagua kuwa mchanga. Mjane ambaye paa lake ni la nyasi hakukataa kukinga mvua. Hana bati la kuikingia. Mkulima wa korosho hupata fedha mara moja kwa mwaka, na siku hiyo hiyo hudaiwa ada, dawa na madeni ya miezi yote iliyotangulia. Zikizama kama maji mchangani, tusikimbilie kumwita mbadhirifu. Kabla ya kuuliza kwa nini hakushika, tuulize alikuwa na nini cha kushikia, na nani angeweza kumpa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye neno subira. Wahenga walisema, subira yavuta heri. Mara nyingi tunalitamka kana kwamba limesema subira yangoja heri. Lakini kuvuta ni kazi ya mikono. Anayevuta kamba ya ndoo kisimani hasimami tu. Mmea wa mwambani ni mvumilivu kwa maana hiyo hiyo. Wakati tunaouona umetulia, mizizi yake imejiweka tayari, shina linagawa akiba siku kwa siku, na usiku, sisi tukiwa tumelala, unakusanya hewa ya kesho. Uvumilivu wake ni kazi isiyo na kelele. Anayemtaja mmea huu ili watu wakae kimya na kukunja mikono hajautazama.

Tena kuna jambo zito zaidi. Uvumilivu ni fadhila ya anayebeba mzigo, wala hauwezi kuwa hoja ya asiyeubeba. Mama aliyebeba dumu la lita 20 kutoka bondeni akisema, Bwana atanitia nguvu, amekiri imani, na mbingu zimemsikia. Mtu mwenye bomba uani akimwambia maneno yale yale, ameomba tu aachwe apumzike. Maneno ni yale yale, lakini kwa mmoja ni sala na kwa mwingine ni kisingizio. Ndiyo maana Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anamkemea amwagaye ndugu mwenye njaa na uchi kwa maneno ya amani pasipo kumpa kitu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Asipomjua, na amwulize kwanza kabla ya kumhubiria.

Historia ya uwanda wetu yathibitisha hayo. Maji hayakupanda Newala kwa kungojewa, yalipandishwa. Katika miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ulianza kuyasukuma kwa mashine kutoka bondeni hadi juu. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia maji wananchi wote wa vijijini, na katika miaka hiyo Ufini ilisaidia kuchimba visima na kujenga miradi katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Masasi nayo ilikuja kupata maji ya chemchemi za Mbwinji. Kazi hiyo haijaisha. Mashine huharibika, bomba hupasuka, na bado kuna vitongoji ambako siku ya mama hupimwa kwa safari za maji. Lakini hakuna aliyesema kwamba waliojenga miradi ile walikosa imani kwa sababu hawakuvumilia. Wao waliutimiza uvumilivu wa mama zao.

Sasa tuseme pia pale ambapo mfano wa mmea unakoma. Maji unayoyashika huyashika kwa ajili yake peke yake. Umeyazungushia miiba na sumu, na kwa mmea hilo si dhambi, kwa sababu haukupewa amri ya kumpenda jirani. Sisi tumepewa. Yusufu alikusanya nafaka ya miaka saba ya shibe katika nchi ya Misri, lakini akiba yake haikuwa ya nyumba yake tu. Wenye njaa wa nchi nyingine walikuja wakala. Akiba ya mtu asiyemwona jirani ina miiba, hata kama mwenyewe anaiita busara. Hata mmea wenyewe hautoi mfano wa uchoyo mtupu: mizizi yake huzuia vumbi na majani makavu yasipeperushwe, na kidogo kidogo ufa huo hupata udongo, ukaota nyasi na mimea mingine ambayo isingeweza kukaa juu ya jiwe tupu. Usichokusudia mmea, sisi yatupasa tukikusudie.

Basi tufanye nini? Tuanze na hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, kwa mvua ya milimita 900, hupokea lita 54,000 kwa mwaka. Tuseme nyingi zipotee kwa kuruka na kuvuja, zibaki 40,000. Hizo ni madumu 2,000 ya lita 20. Ni safari 2,000 za mama mmoja. Paa la kanisa lenye mita 20 kwa 10 hupokea zaidi ya mara tatu ya hizo. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Aprili, neema hiyo hushuka juu ya vichwa vyetu tukiwa ndani tunaimba, ikachimba mtaro nje ya ukuta na kuzama mchangani.

Mfereji wa bati na tangi la saruji ni vitu vya gharama kwa mtu mmoja, hasa mjane. Kwa jumuiya ya nyumba 20 inayochanga kila msimu wa korosho, ni jambo linalowezekana, nyumba moja baada ya nyingine, wakianza na yule asiyeweza kuchanga. Haba na haba hujaza kibaba. Na tangi la kanisa lisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mzee mmoja wa kanisa. Liwe na bomba upande wa njia, ili Mwislamu na Mkristo, mwenye zaka na asiye nayo, wachote. Bwana wetu aliahidi kwamba hata kikombe kimoja cha maji baridi hakitakosa thawabu, wala hakuuliza anywaye ni wa dhehebu gani.

Tuitunze pia miamba yenyewe. Jiwe hupasuliwa kuwa kokoto, nasi twahitaji kokoto ili tujenge, lakini si kila mwamba uwe machimbo. Mmea uliochukua miaka mingi kufika kimo cha goti hung'olewa kwa dakika moja, na udongo ulioushikilia huondoka na mvua ya kwanza. Tukiwapeleka watoto wa shule ya Jumapili mlimani, tuwaonyeshe mmea huo mahali ulipo, wausome kwa macho, wauache.

Ndugu wapendwa, hatujui ni kwa nini Mungu aliweka jiwe hapa na mchanga kule, na chemchemi kwa jirani. Tunajua kwamba mvua yake hutufikia. Anayebeba maji leo na avumilie kwa imani, kwa maana uvumilivu wake ni wa kweli na Mungu auona. Anayekunywa na asimfundishe kuvumilia. Amchukulie dumu, amsaidie kuweka mfereji, kisha waketi wote wawili waongee habari za imani.